Nani mkengeufu: aliyechelewesha marejesho au aliyemtangaza?

Swali: Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya maendeleo ya jamii, jijini Mwanza, anaandika: "Mtaani kwetu kuna mama anayeuza vitumbua. Alikopa kwenye programu ya simu, akachelewa siku nne kurejesha. Watu zaidi ya ishirini, mimi nikiwemo, tukatumiwa ujumbe wenye picha yake na neno TAPELI. Siku hizi hata dukani hapewi mchele kwa mkopo. Nimepewa kazi ya kuandika kuhusu ukengeufu, ukosefu wa usawa na teknolojia, na ningependa kutumia tukio hili, ila nikifungua daftari naona nadharia nyingi zisizoshikana. Je, mama huyu ni mkengeufu? Na nitaziunganishaje hizo mada tatu?"

Jibu:

Nianze na swali lako la kwanza, kwa sababu ukilikosea kazi yote itapinda. Mama huyo alivunja kaida ndogo, yaani mwenendo ambao watu wanautarajia kwa mwenzao. Ukengeufu wake ulitengenezwa na ujumbe mliotumiwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na ukiyashika yalivyo utaona mada zako tatu zinakuja zenyewe.

Katika sosholojia, ukengeufu ni tendo au hali ambayo kundi fulani linaihesabu kuwa imevuka kaida zake, kisha likaiitikia: kwa kunong'ona, kucheka, kutoza faini, kutenga, au kufunga gerezani. Maana hiyo ina nguzo mbili, kaida na mwitikio. Kuchelewesha deni siku nne ni kuvunja kaida, hakuna ubishi. Lakini tembea mtaani kwenu ukahesabu. Fundi cherehani amechelewesha nguo tangu sikukuu iliyopita. Mpangaji wa chumba cha nyuma ana kodi ya miezi miwili. Daftari la madeni la dukani limejaa majina, na mengine ni ya watu wanaoheshimika sana. Wote hao wamechelewa, na hakuna anayeitwa tapeli. Kaida imevunjwa mara nyingi. Mwitikio mkali umemwangukia mmoja. Sosholojia inaanzia hapo hapo: kwa nini yeye, nani ameamua, na kwa chombo gani?

Tenganisha pia ukengeufu na uhalifu. Mtu anaweza kuvunja kaida bila kuvunja sheria, kama anayekula mbele ya wakwe bila kukaribisha, na anaweza kuvunja sheria bila jamii kumwona mkengeufu, kama dereva wa bodaboda anayebeba abiria wawili. Deni lililochelewa ni jambo la madai. Utapeli ni jinai, na unahitaji nia ya kudanganya tangu mwanzo. Kwa hiyo neno lililoandikwa kwenye picha ile lilimtoa mama huyu kwenye daftari la madeni na kumpeleka kwenye jalada la polisi, kwa herufi sita tu, bila hakimu wala balozi kuulizwa.

Mwaka 1963 Howard Becker, mwanasosholojia wa Marekani, alilieleza jambo hili kwa namna ambayo haijapitwa: ukengeufu haukai ndani ya tendo lenyewe, unatokana na watu kutunga kanuni, kuzitumia kwa baadhi ya wenzao, na kuwabandika jina la watu wa nje. Kabla yake, mwaka 1951, Edwin Lemert alikuwa ameshatofautisha hatua mbili. Ya kwanza ni kukosea kwa kawaida, ambako mtu hajajiona tofauti na wenzake. Ya pili ni maisha ambayo mtu anaanza kuyaishi kwa sababu ya jina alilobandikwa. Mfuatilie mama wa vitumbua utaziona. Siku nne za kuchelewa ni hatua ya kwanza. Akivunja laini, akahamisha meza yake kwenda mtaa mwingine, akasajili laini kwa kitambulisho cha mdogo wake ili akope tena, hiyo ni ya pili, na safari hii kweli anavunja sheria. Jina lilitangulia, tabia ikafuata.

Mwalimu wako atauliza ushahidi kwamba kanuni ndiyo inayozalisha wakengeufu. Upo, na ni wa nchi jirani. Kenya ina taasisi za kumbukumbu za mikopo, ambazo watu huzitaja kwa kifupi CRB. Aliyeshindwa kulipa aliorodheshwa huko, na kuorodheshwa kulimfungia mikopo mingine. Hata baadhi ya waajiri walidai cheti cha kuonyesha kwamba mwombaji kazi hana doa. Watu waliingizwa humo kwa madeni ya mia mbili, mia tano. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ikabadilisha kanuni: deni lililo chini ya shilingi 1,000 za Kenya lisipelekwe kama taarifa mbaya, na waliokwisha kuorodheshwa kwa kiasi hicho waondolewe. Angalia kilichotokea. Mtu aliyelala akiwa "mdaiwa mbaya" aliamka si mdaiwa mbaya, na hajalipa hata senti. Tabia yake ilikuwa ile ile. Mstari ndio ulisogezwa. Novemba 2022 benki hiyo hiyo ilitangaza mpango wa kuwasafishia rekodi wakopaji wa simu wapatao milioni 4.2, kwa kuzitaka benki ziwapunguzie nusu ya deni. Wakengeufu wakifika milioni nne, mchambuzi anaacha kuuliza tabia ya mmoja mmoja na anaanza kuukagua mfumo uliowahesabu.

Sasa njoo kwenye sehemu ambayo ningependa ikae katikati ya kazi yako. Wengi watakuambia aibu ni silaha ya zamani, hata bibi zetu waliitumia, simu imeiongezea kasi tu. Sikubaliani na maelezo hayo, na kikoba kinaonyesha sababu.

Kikoba cha kawaida, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kina watu kati ya 15 na 30. Wanakutana kila wiki, wananunua hisa, fedha zinahesabiwa mbele ya wote na kufungiwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Mara nyingi wanachama wamegawanyika katika vikundi vya watu watano wanaodhaminiana. Anayechelewesha marejesho anasimamishwa mbele ya wenzake. Anaulizwa. Anajieleza: mtoto alilazwa, mvua iliharibu mzigo. Anatozwa faini iliyoandikwa kwenye katiba ya kikundi, pengine anachekwa kidogo, kisha anakaa kwenye kiti chake kile kile na kikao kinaendelea. Wiki ijayo yumo. Aibu hiyo inauma, lakini ina mlango wa kutokea. John Braithwaite, mwanasosholojia wa Australia, aliziita aina mbili mwaka 1989: ipo aibu inayomrudisha mtu kundini baada ya kosa, na ipo aibu inayomtupa nje na kumwacha huko. Hoja yake ni kwamba ya kwanza hupunguza makosa na ya pili huyaongeza, kwa sababu aliyetupwa hana cha kupoteza tena.

Pima ujumbe mliotumiwa kwa kipimo hicho. Nani alimsikiliza kabla ya kumtangaza? Faini yake ilikuwa kiasi gani, na ilikubaliwa na nani? Akilipa leo jioni, nani atawatumia wale ishirini na kitu ujumbe wa pili kusema amelipa? Sijaona ujumbe wa namna hiyo. Picha inabaki kwenye simu za watu, mwaka hadi mwaka, na jina linabaki nayo.

Kuna jambo jingine limejificha humo, na ningependa ulitazame kwa karibu. Ujumbe wa aina hii huwa na maneno kama haya: "Umewekwa kama mdhamini wa fulani, mwambie alipe leo kabla ya saa sita." Soma "umewekwa". Kwetu mdhamini ni mtu aliyeombwa, akafikiri, akakubali, akaweka sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi, akijua kitanda chake kinaweza kubebwa mwenzake akishindwa. Hapa mdhamini ni yeyote ambaye namba yake ilikuwa kwenye simu ya mkopaji: fundi bomba, mkwe, mwalimu wa mtoto, mteja aliyewahi kuagiza vitumbua vya harusi. Programu iliomba ruhusa ya kusoma namba zilizohifadhiwa, mama akabonyeza "Ruhusu" kwa kuwa bila hivyo ukurasa haukusogea, na waliokuwemo humo wakageuzwa wadhamini bila kujua. Nafasi ya kijamii iliyojengwa kwa ridhaa imehamishwa na kitufe.

Ndiyo maana Durkheim ukimtumia hapa inabidi umtumie kwa uangalifu. Emile Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, alidai, mwaka 1895, kwamba kosa na adhabu ni sehemu ya kawaida ya jamii yoyote, kwa sababu kumwadhibu mkosaji kunawakumbusha wengine mpaka uko wapi na kuwakaza pamoja. Kwenye kikoba hoja hiyo inakaa vizuri: faini ikitozwa, wote wanatoka wakijua kanuni ni hai. Waliopokea picha ile wao hawakuwa kundi. Hawajuani. Kilichowaweka pamoja ni kumbukumbu ya simu ya mtu mmoja. Kwa hiyo adhabu ilitolewa bila jamii ya kuimarishwa, na kilichobaki ni kuvunjika kwa uhusiano wa mama huyo na kila mmoja wao, mmoja mmoja. Ukiandika hoja hii vizuri utakuwa umemjibu Durkheim kwa mfano wa mtaani kwenu, na hiyo ni zaidi ya kumnukuu.

Twende kwenye usawa. Usiandike "umaskini unasababisha ukengeufu". Ni sentensi rahisi, na haisimami: maskini wengi hulipa madeni yao, na hulipa kwa shida kuliko matajiri. Weka hesabu badala yake. Tuseme programu inatangaza mkopo wa shilingi 50,000, inakata 15,000 kabla ya kutoa kama "gharama za huduma", mkopaji anapokea 35,000, na siku ya saba anadaiwa 50,000. Amelipia 15,000 kwa kutumia 35,000 kwa wiki moja, karibu asilimia 43. Mtumishi mwenye mshahara unaopitia benki, akipata mkopo wa asilimia 15 kwa mwaka, kiasi hicho hicho kwa wiki hiyo hiyo kingemgharimu kama shilingi 101. Fedha ile ile, mtaa ule ule, bei tofauti kwa karibu mara 150.

Endelea na hesabu. Mama anaingiza 35,000 zote kwenye mchele, mafuta na mkaa. Faida yake, tuseme, ni 4,000 kwa siku, na nyumbani panatumika 3,000. Kinachobaki ni 1,000 kwa siku. Siku ya saba ana 42,000 mkononi, na amefanya kazi bila kosa lolote. Anapungukiwa 8,000, maana yake anahitaji siku nane zaidi. Kuchelewa kulikuwemo ndani ya masharti tangu alipobonyeza kukubali. Tabia yake haijaingia popote kwenye hesabu. Takwimu hizi ni za mfano, za kwako zikusanye mwenyewe, lakini zipange hivi hivi: kilichotangazwa, kilichopokelewa, siku zilizotolewa, kilichodaiwa. Ukionyesha hesabu za watu kumi kwa mpangilio huo, msomaji wako ataelewa ukosefu wa usawa kuliko kwa kurasa tano za maelezo.

Ukitaka mfano uliothibitika wa mkopo halali, M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu ya Kenya iliyoanza Novemba 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa anayerudia kila mwezi ni asilimia 90 kwa mwaka. Hapa kwetu M-Pawa ilikuja mwaka 2014 kwa mtindo wa familia hiyo hiyo: mtu anapimwa kwa matumizi yake ya simu na akiba yake, bila hati ya nyumba. Usiudharau uvumbuzi huu. Uliwafungulia mlango watu ambao benki haikuwahi kuwauliza hata majina. Lakini mlango mmoja waweza kuwa na viingilio viwili vya bei tofauti. Wanasosholojia wamezoea kuuliza nani ameachwa nje. Tukio lako linauliza jambo gumu zaidi, yaani aliyeingizwa ameingizwa kwa masharti gani.

Hapo ndipo pengo la kidijitali linapohitaji kuelezwa kwa ngazi zake. Ngazi ya kwanza ni kuwa na kifaa na bando. Ya pili ni kujua kukitumia: kusoma masharti yaliyoandikwa kwa Kiingereza, kujua wapi pa kuzima ruhusa. Ya tatu ni faida au hasara unayotoka nayo. Wanafunzi wengi huishia ya kwanza, wakaandika kwamba mwenye simu janja yuko juu na mwenye kitochi yuko chini. Katika tukio lako mwenye kitochi angekuwa salama zaidi, kwa sababu programu ile isingeingia kwenye simu yake kusoma namba za watu. Mama alipanda ngazi moja ya kifaa akashuka mbili za usalama. Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, naye atakusaidia hapa, maana alitenganisha vitu vitatu ambavyo sisi huvifunga kamba moja: mali, heshima na nguvu ya kuamua. Mama wa vitumbua hakuwa na mali, lakini alikuwa na heshima, na heshima hiyo ilikuwa mtaji wake halisi. Ndiyo iliyomfanya apewe mchele kwa mkopo. Ujumbe ule ulichukua kitu ambacho hakikuwahi kuwekwa rehani.

Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, alisema mwaka 1938 kwamba jamii huwapa watu wote malengo yale yale lakini haiwapi wote njia za halali za kuyafikia, na kwenye mwanya huo ndipo ukengeufu unapozaliwa. Ni nadharia nzuri kwa swali la kwa nini alikopa huko badala ya kwingine. Njia halali zilizokuwepo zitaje kwa majina. Benki inadai hati au mshahara. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, lakini mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarudi kwa utaratibu mpya katika mwaka wa fedha 2024/25. Waulize wakopaji wako walikopa lini. Ukikuta wengi waliangukia katika kipindi hicho, usikimbilie kusema hicho ndicho chanzo. Sema tu nyakati zinalingana, kisha uwaulize kama waliwahi kuomba halmashauri.

Udhaifu wa Merton ni kwamba ukimfuata peke yake utatafuta wakengeufu chini tu. Mwaka 1939 Edwin Sutherland aliwageuza wenzake shingo watazame juu, kwenye makosa ya watu wenye ofisi na tai, ambayo kwa kawaida hayaitwi uhalifu hata yanapovunja sheria. Fanya hivyo na wewe. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anahitaji leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha mtandaoni bila kibali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inadai ridhaa ya kweli kabla ya taarifa za mtu kutumiwa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa kumtisha na kumsumbua mtu kwa njia ya mtandao. Tazama kama iliyomkopesha mama huyo imo kwenye orodha. Ikiwa imo, una pande mbili: mmoja kachelewa siku nne, mwingine kaendesha biashara bila leseni na kusambaza picha ya mtu. Na aliyebandikwa jina ni wa kwanza. Jina hufuata nguvu ya kulibandika, na nguvu hiyo haikugawanywa sawa.

Ila watu wa chini nao wana majina yao. "Kausha damu" halikutoka serikalini wala chuoni, ni jina ambalo wakopaji wenyewe waliibandika mikopo hii, na likawa na nguvu hadi viongozi na magazeti wakalitumia. Ni jambo la kupendeza kwa mchambuzi: huo ni ubandikaji wa jina kutoka chini kwenda juu. Tofauti yake ni kwamba "tapeli" limebandikwa kwenye uso wa mama unaojulikana mtaani, na "kausha damu" limebandikwa kwenye kitu kisicho na uso, kisicho na ofisi, kinachoweza kubadilisha jina usiku na kurudi asubuhi kikiwa programu nyingine.

Kuhusu teknolojia yenyewe, jihadhari na sentensi ya "teknolojia imeharibu maadili". Simu haikuamua kusoma namba za watu. Kuna aliyeandika programu iombe ruhusa hiyo, kwa sababu ukusanyaji wa madeni kwa aibu ni rahisi kuliko kuajiri afisa mikopo wa kuzunguka. Mwaka 2023 Google ilizizuia programu za mikopo binafsi zilizo kwenye duka lake kusoma namba na picha za watumiaji. Uamuzi mmoja wa kampuni moja ukaziba njia hiyo kwa zinazopitia dukani humo, ingawa zile ambazo watu wanatumiana kwa viungo vya WhatsApp hazikuguswa. Hiyo inakuonyesha kwamba muundo wa chombo ni uamuzi wa kijamii. William Ogburn aliita, mwaka 1922, kuchelewa kwa utamaduni ile hali ya vifaa kufika kabla ya sheria na desturi za kuvitawala. Kenya ni kielelezo: programu za kukopesha zilianza kuenea mwaka 2014 na 2015, na sheria ya kuwataka wakopeshaji hao wachukue leseni ya Benki Kuu ilipitishwa Desemba 2021. Katika miaka ile ya kati, wakopaji ndio waliobeba gharama ya kuchelewa.

Sasa jinsi ya kuifanya kazi yako. Watu 12 wanatosha kwa kiwango chako: wanne waliokopa na kulipa kwa wakati, wanne waliochelewa, wanne waliopokea ujumbe kuhusu mtu mwingine. Kundi la kwanza usiliache. Ukiwahoji walioshindwa tu, kila utakachokikuta kwao utakiona kuwa sababu ya kushindwa, wakati huenda waliolipa nao wanacho. Kundi la tatu ndilo litakalokupa mwitikio, yaani nguzo ya pili ya ukengeufu: waulize walifanya nini baada ya kusoma, walimpigia nani, waliendelea kumuuzia au waliacha. Ongeza mweka hazina wa kikoba kimoja, na umwombe akuonyeshe kifungu cha faini kwenye katiba yao.

Usianze mahojiano kwa "Kwa nini hukulipa?" Swali hilo limeshamhukumu mtu, na utapewa utetezi badala ya taarifa. Sema, "Nisimulie siku uliyokopa ilikuwaje," kisha rudi kwenye tarehe na kiasi. Kwenye maandishi yako usitumie "mdaiwa sugu" kama jina la kundi, kwa kuwa ni neno la mkopeshaji na litakuingiza upande wake kabla hujaanza. Andika "aliyechelewa zaidi ya siku saba" au kipimo chochote ulichokiweka mwenyewe. Na takwimu za mkoa zisikufanye useme jambo kuhusu mtu mmoja. Ukisoma kwamba kiwango cha mikopo isiyolipwa kimepanda, hujajua lolote kuhusu mama wa vitumbua.

Barua ya utambulisho ya chuo ipeleke kwanza halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata na wa mtaa. Usimhoji mtu mbele ya meza yake ya biashara, maana wateja watasikia neno "deni" na utakuwa umeongeza kile unachokichunguza. Majina badilisha kwa herufi, na kazi ya mtu ieleze kwa upana: "mfanyabiashara ndogo wa chakula" inatosha, kwa sababu mtaani kwenu muuza vitumbua wa kona ile ni mmoja.

Ile picha uliyotumiwa usiiweke kwenye viambatisho. Itapita kwa mchapaji, kwa mwalimu, maktabani, na utakuwa umemtangaza tena kwa watu wapya. Nakili maneno ya ujumbe kwa mkono, andika tarehe na saa, funika namba. Kisha nenda kwa mama mwenyewe umuulize kama anaihitaji, kwa kuwa ni ushahidi wake iwapo ataamua kulalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi au polisi. Aliye na ujumbe kwenye simu yake ni wewe, yeye pengine hakuwahi kuuona. Akisema anaihitaji, mhifadhie pamoja na namba iliyoutuma. Akisema hapana, ifute.